Familia ni Watu Wangapi?

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea mbele hebu chukua kalamu uandike majina ya watu wa familia yako. Usifikirie sana, andika tu. Haya, hesabu. Wamefika wangapi? Wanne? Kumi na mmoja? Na ni nani uliyemkumbuka mwisho, ukambananisha pembeni ya karatasi? Maswali ya namna hii nilidhani ni ya darasani, ya kipindi cha Uraia baada ya chakula cha mchana, wakati nusu ya darasa imelala. Kumbe yanaweza kuja mpaka mlangoni kwenu yakiwa yamechapwa kwenye fomu, na yakataka jibu kabla ya jioni.

Mwaka 2022 Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, ule tunaouita CHF, ulikuwa unatoza shilingi 30,000 kwa kaya kwa mwaka mzima. Kaya, kwa maana ya mfuko, ni watu wasiozidi sita. Sisi nyumbani tulikuwa saba. Mama, ambaye anauza dagaa mwaloni Kirumba; Bibi mzaa mama, mwenye presha; mimi; wadogo zangu wawili, wa kiume kidato cha pili na wa kike darasa la sita; binamu yangu, binti wa marehemu mjomba; na mtoto wa mama mdogo, miaka saba, mwenye sikoseli, ugonjwa ambao Kanda ya Ziwa ndiyo inaongoza nchini. Hatukuwa familia kubwa. Nenda Mabatini, nenda Igogo, utakuta nyumba za watu kumi na wawili na hakuna anayeshangaa. Lakini saba ukitoa sita inabaki moja, na hiyo moja ina jina.

Mwandikishaji alikuwa kijana mpole. Alituambia bila ukali kwamba wa saba atahitaji malipo yake mbali. Malipo yapi? Wiki ile mvua ilikuwa imenyesha mfululizo, na dagaa hawakauki kwa mvua. Mama alikuwa na hizo 30,000 tu, na zenyewe zilitoka kwenye mchezo wa akina mama wenzake.

Ni rahisi kuilaani hiyo namba sita. Lakini sisi tuliozaliwa ziwani hatuna ruhusa ya kudharau namba. Kivuko cha MV Nyerere kiliruhusiwa kubeba watu 101. Tarehe 20 Septemba 2018 kilikaribia Ukara kikiwa na watu wengi mno kuliko hao, kikapinduka karibu kabisa na gati, na waliokufa walizidi 200. Kila mmoja wao alikuwa na sababu nzuri ya kupanda. Chombo chochote kinachobeba watu kina mwisho wake, na mfuko wa bima nao ni chombo. Kwa hiyo mimi siulizi kwa nini kuna kikomo. Nauliza mkishafika kwenye kikomo anashuka nani, na kwa sababu gani.

Mdogo wangu wa kiume ndiye alitoa hoja ya kwanza: tupige kura. Vikaratasi saba ndani ya kofia, kimoja kina alama ya X, atakayekiokota anakaa nje. Usimcheke. Kura ina heshima yake: haimpendelei mtu, haimwonei mtu, haina mdomo wa kusengenya. Ila kura ni haki kwa watu wanaolingana katika kile kinachogawiwa. Mkigawana machungwa, sawa. Sisi hatukulingana mbele ya ugonjwa. Ile X ikimwangukia mtoto wa sikoseli tungesemaje? Kwamba utaratibu ulifuatwa?

Hoja ya pili ilikuwa ya Mama, na ilikuwa hoja ya mtu wa biashara: asiyeumwa atoke. Akatutazama mmoja mmoja kama anavyotazama dagaa kwenye chanja, macho yakatua kwa huyo huyo mpiga kura wetu, mcheza mpira, ambaye mara ya mwisho kumeza dawa ni zile za kichocho walizopewa shuleni. Kijana akauliza, "Kwa hiyo mimi nisiugue?"

Hakuna aliyemjibu. Nimesoma vitabu kadhaa, vingi vya kuazima, na sijakuta humo swali gumu kuliko hilo. Maana ukimtoa mtu kwenye kadi kwa kuwa ni mzima umempa kazi, kazi ya kuendelea kuwa mzima. Afya yake umeigeuza deni. Siku akipata homa ataificha kwanza, siku mbili, tatu, kama mtoto aliyevunja kikombe.

Hoja ya tatu hakuna aliyeitamka siku ile, ila ilikuwa imekaa pale sebuleni kama mgeni asiyekaribishwa. Jirani mmoja ndiye alikuja kuitamka kesho yake: si yule mtoto ana mama yake? Ni kweli anaye, yuko Geita anatafuta maisha. Hapa Kiswahili kilitusaidia kuliko fomu. Mtoto wa mama mdogo kwa lugha yetu haitwi binamu. Binamu ni yule binti wa mjomba. Mtoto wa mama mdogo ni mdogo wangu, basi, sawasawa na hawa wawili niliozaliwa nao tumbo moja, na yeye anamwita mama yangu mama mkubwa. Ukitaka kumsogeza mbali inakubidi uanze kueleza, na mtu anayeeleza sana udugu wake ujue anataka kuukimbia.

Rafiki yangu mmoja aliyebahatika kuajiriwa alikutana na ukuta wa namna nyingine. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi 2001, ulipangwa hivi: mfanyakazi anakatwa asilimia 3 ya mshahara, mwajiri anaongeza 3, na kadi inambeba mchangiaji, mwenzi wake na wategemezi wasiozidi wanne. Sita tena! Lakini kule hawahesabu tu, wanachuja. Watoto wa kuzaa au wa kuasili kisheria, wazazi. Rafiki yangu amelelewa na shangazi yake tangu akiwa na miaka mitatu. Shangazi hana kisanduku. Mwalimu Nyerere, katika andiko lake la Ujamaa la mwaka 1962, alisema msingi wa jambo zima ni jamaa, na kwamba mipaka ya huo ujamaa haina budi kupanuliwa, ipite kabila, ipite hata taifa. Miaka 60 baadaye sisi tulikuwa tunaikunja jamaa ili iingie kwenye visanduku. Sisemi kwa kejeli. Karatasi ina ukubwa wake.

Sasa Bibi. Muda wote huo alikuwa kimya anachambua mchele. Kisha akasema, "Mume wangu, nifute mimi. Nimeshakula miaka yangu." Na alikuwa na hoja ya kiserikali pia, ingawa hakuijua: Sera ya Afya ya mwaka 2007 inasema wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bure. Ya nini kumlipia mtu anayetibiwa bure? Jibu analijua kila aliyewahi kumsindikiza mzee wake kupima presha. Kumwona daktari ni bure. Mkifika dirisha la dawa mnaambiwa hazipo, mnaandikiwa karatasi muende duka la nje, na kule nje hakuna anayeuliza umri. Kadi ya kulipia nayo hukutana na dirisha hilo hilo, sikatai. Lakini mwenye kadi anadai, mwenye msamaha anaomba, na Bibi yangu ameomba vya kutosha katika maisha yake.

Kilichonikwaza zaidi ni hayo maneno ya kula miaka. Wazee wetu huyasema kwa upendo, na sisi huyapokea haraka mno. Ukishakubali kwamba aliyeishi sana anadai kidogo, umeanza kugawa uhai kama posho. Leo ni zamu ya Bibi. Zamu ya Mama iko miaka ishirini mbele, wala si mbali.

Basi nikajifuta mimi. Fomu ilianza na mkuu wa kaya, kwa hiyo Mama hakuweza kujitoa, ingawa nilimwona macho yake yameanza kuelekea huko. Usinisifu, tafadhali. Kijana wa miaka ishirini na kitu, hana mke, hana presha, asubuhi anabeba magunia ya dagaa na usiku anaandika riwaya ambayo haijafika sura ya tano: kujitoa kwake kunafanana na ushujaa, lakini hesabu yake ni nyingine. Nikigongwa na bodaboda pale Buzuruga, gharama haitakuja kwangu, mimi nina nini? Itakwenda kwa Mama, kwenye mtaji wake. Kwa hiyo nilichokiweka rehani ni meza ya mtu mwingine, kwa matumaini kwamba bodaboda zitanikwepa. Kwa maskini hakuna anayejitoa peke yake.

Hayo yalikuwa ya nyumbani. Sasa tuitazame ile fomu kwa macho ya mfuko, maana hapo ndipo mimi nilikwama kwa muda mrefu.

Mfuko unaona nini ukiitazama kaya yetu? Unaona nyumba iliyomtoa mtu mzima mwenye nguvu zake, ikaingiza mzee wa presha na mtoto wa sikoseli. Tulifanya hivyo kwa upendo. Lakini kila nyumba ikifanya hivyo kwa upendo, kapu linazungukwa na wachotaji watupu. Na hili si jambo la kufikirika. Mfuko wa Taifa ulikuwa na Toto Afya Kadi, shilingi 50,400 kwa mtoto mmoja kwa mwaka. Machi 2023 ulisitisha kuandikisha mtoto mmoja mmoja kwa njia hiyo, na maelezo yalikuwa hayo hayo: wengi walikuwa wanamleta mtoto akiwa tayari mgonjwa, wenye watoto wazima hawaonekani, na matumizi yakaipita michango mbali. Kadi ya watoto ilikuja kurejeshwa baadaye. Lakini jiweke katika nafasi ya mzazi mwenye mtoto wa moyo au wa figo asubuhi ile tangazo lilipotoka.

Wako waliowalaumu wazazi, wakasema ni ujanja wa Kibongo. Mimi nakataa. Mtu ana watoto wanne na fedha ya mtoto mmoja. Amlipie nani, yule mzima? Huwezi kumwambia mama awe mlinzi wa hesabu za mfuko huku mwanawe analia usiku kucha kwa maumivu ya mifupa. Kila mzazi alitenda lililo jema, na mema hayo yakijumlishwa yakazaa ubaya. Kama wewe ni mwandishi chipukizi kama mimi na unatafuta tanzia, acha kwanza wafalme na wachawi. Ipo hapa.

Cha kuchekesha ni kwamba dawa ya tanzia hii ina ukoo na jiwe letu. Lile jiwe refu lililosimama majini hapa Mwanza, ambalo kila mgeni lazima apige nalo picha, linaitwa Bismarck, kwa jina la Chansela wa Ujerumani. Nimelipita tangu utoto bila kujua kwamba ni serikali ya mtu huyo iliyopitisha, mwaka 1883, sheria ya kuwataka wafanyakazi wa viwandani wawe na bima ya ugonjwa, theluthi mbili akilipa mfanyakazi na theluthi moja mwajiri. Wala hakusukumwa na huruma tupu. Alitaka pia kuwapunguzia wasoshalisti wafuasi. Lakini ile ilikuwa lazima, na lazima ndiyo inayomleta mzima kwenye kapu. Ikiwa hiari, mzima anabaki kijiweni anacheza drafti.

Sisi tulizunguka. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 tiba katika hospitali za serikali ilikuwa bure, kuanzia 1993 tukaanza kuchangia, kisha CHF ikajaribiwa Igunga katikati ya miaka ya tisini, na hiari ikawa ndiyo desturi kwa sisi tusio na mwajiri. Mwaka 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, inayotaka kila mkazi awe na bima. Kijiweni kwetu Kitangiri habari hiyo haikupokelewa kwa vigelegele. Mshikaji mmoja, fundi simu, alinibana: "Yaani nilipe mwaka mzima, nisiumwe hata mafua, halafu hela yangu ndiyo imekwenda? Huo si wizi?"

Nikamuuliza kama yumo kwenye chama cha kufa na kuzikana cha mtaani kwao. Yumo, tangu baba yake alipofariki. Sasa ana miaka mingapi hajafiwa? Minne. Amewahi kwenda kwa mweka hazina kudai arudishiwe michango yake? Akacheka, akasema, "Acha uchuro, bwana."

Unaona? Maiti tunamchangia bila kuulizana. Daftari linapita, turubai linafungwa, masufuria yanatoka nyumba hii na ile, na hakuna anayeuliza kama marehemu alikuwa amejitunza. Mtu huyo huyo wiki mbili kabla alikuwa anatafuta nauli ya kwenda kliniki na hakumpata wa kumkopesha. Kwa nini? Nadhani kifo hakina labda. Ugonjwa umejaa labda: labda atapona mwenyewe, labda ndugu zake wanazo, labda anajidekeza, labda ni pombe zake. Tunasubiri labda ziishe, na zikiisha tunaleta mchele.

Kwa hiyo ninapomwambia kijana mwenzangu alipe, simwambii kwamba anajinunulia usalama. Hayo ni maneno ya matangazo, na katika umri wetu nani anaamini kuwa ataugua? Namwambia kwamba shilingi yake, akiwa mzima, ndiyo nafasi ya yule mtoto wa miaka saba. Akikaa nje yeye, anamvuta mtoto nje pia, hata kama hawajawahi kuonana. Na ikiwa wazima wa mji huu wamo ndani, mdogo wangu mcheza mpira hana haja ya kuulizwa kama ataugua au hataugua.

Fundi simu hakukubali yote, na ana haki. Mfuko wa Taifa ulipoleta vifurushi vya Najali, Wekeza na Timiza mwishoni mwa 2019, bei ya chini kabisa kwa kijana ilikuwa shilingi 192,000 kwa mwaka. Kwa mtu anayelipwa kwa kioo cha simu, leo vitatu, kesho hakuna, hiyo ni lugha ngeni. Ukimwambia lazima huku hana, umemtunga jina la mkosaji tu. Sheria inasema wasio na uwezo walipiwe. Vizuri. Lakini asiye na uwezo ni nani? Mimi nina mikono na nina simu. Nabeba magunia. Naandika. Siku ile fomu nyingine itakapokuja kuniuliza kama mimi ni maskini wa kutosha, sijui nitaweka vema kwenye kisanduku gani, na aibu ya kisanduku hicho nayo ni ugonjwa usio na kadi.

Niseme na mwisho wa kadi yetu ya mwaka ule. Ilifika mpaka hospitali ya rufaa ya mkoa, yaani Sekou Toure, ikaishia hapo. Bugando, hospitali ya kanda, iko juu ya kilima chake, unaiona karibu kila unaposimama mjini. Novemba ile mtoto alizidiwa. Kadi ililipa mpaka pale inapoishia. Alipopewa rufaa kupanda juu, ikabaki mkobani mwa Mama kama tiketi ya basi lililokwisha fika. Yaliyofuata yalilipwa na mtaji wa dagaa, na mchango wa akina mama wa mwaloni, na fundi simu, ambaye alileta 10,000 bila kuambiwa wala kuandikwa kwenye daftari lolote.

Bibi alisema jambo ambalo bado sijapata cha kumjibu. Alisema zamani ukiugua walikuja watu, sasa inakuja kadi, na kadi haiulizi umelalaje. Binamu yangu alicheka. Lakini wiki ile ya wodini ni binamu huyo aliyekuwa anapanda kilima alfajiri na chupa ya uji, mimi jioni, na mcheza mpira wetu Jumamosi na Jumapili. Siku ya kwanza muuguzi alitushika mlangoni na faili lake akatuuliza mgonjwa ni nani wetu.

"Mdogo wetu," tukasema.

Akaandika "ndugu" kwenye mstari wake, akatuonyesha kitanda.